Halua ya Pangoni

Nilipokuwa mtoto kule Gede, hapakuwa na mahali nilipopaogopa kuliko pango la kilimani, nyuma ya mashamba yetu. Bibi alitueleza kwamba zamani majambazi walijificha mle kila walipopora watu njiani, hata mkubwa wao akafia humo humo asizikwe. Tangu hapo akawa ndiye mwenyewe wa pango. Mtu akiwa na shida humpelekea ubani, marashi na halua, kisha hurudi siku ya tatu kutazama. Akikuta sahani tupu, sadaka imekubaliwa.

Mwaka huo Feisal, mtoto wa mama mdogo Zuhura, alikuwa akitokwa na usaha masikioni. Hata miaka miwili hakuwa ametimiza. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia mamake amrudishe kila wiki bila kukosa. Yeye akaona bora ashike huku na huku: dawa anampa, na pangoni akaenda. Mimi ndiye niliyembebea sahani.

Halua yenyewe ilikuwa na lozi, inameremeta kwa samli. Sisi nyumbani tuliionja kwa nadra, tena kipande cha kugombaniwa. Kesho yake nilitumwa kuni, miguu ikanipeleka kilimani. Nilisimama mlangoni mwa pango, nikasema, "Shikamoo." Adabu nilikuwa nayo, kilichonishinda ni tamaa. Sikujibiwa. Nikaila yote, nikalamba na sahani.

Siku ya tatu mama mdogo alirudi kutoka pangoni akipiga vigelegele.

"Imepokewa, mama! Hata chembe haikusalia!"

"Alhamdulillahi," bibi akajibu. "Basi mtoto keshapona huyo."

"Hospitali siendi tena. Nikienda si nitakuwa namtilia shaka mwenyewe?"

Nilikuwa nimekaa kizingitini nikichambua mchicha. Ningeweza kusema. Niliogopa ufito wa bibi, nikazidi kuuinamia mchicha wangu.

Usaha haukukoma. Mama mdogo alishikilia kuwa ni uchafu wa mwisho unatoka. Ilipita miezi, na Feisal akawa hageuki tena akiitwa. Walipomrudisha hospitali, daktari alisema wamechelewa.

Leo Feisal ni fundi wa kuchonga milango, hodari kweli, na huzungumza nasi kwa mikono. Ananipenda kuliko dada zake wote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kuhusu mwenyewe wa pango, sijui kama yuko au hayuko. Mimi niliyemwibia hakunifanya lolote, hata tumbo halikuniuma.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia mama mdogo, ambaye sasa ni mzee. Akanieleza tena yale anielezayo kila tukikutana.

"Mwenyewe alinikubalia, mwanangu, ila mimi sikurudi kushukuru. Ni mimi niliyemponza mtoto wangu."

Nilimshika mkono, nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: "Ni kudra ya Mungu, mama."

Akatulia. Hutulia kila nikimwambia hivyo, na kila nikimwambia najua ninamsingizia Mungu.