Chubwi Mbovu za Fundi

Tangu mkewe afariki, fundi wa chubwi hakuwa na wa kupiga naye soga ila bata mmoja wa mwituni. Majirani walimtania: mke gani huyo, hata chai hakupikii! Kila asubuhi alishuka na makombo ya mkate hadi ukingoni mwa ziwa, nyuma ya nyumba, na bata akamjia mbio akiyumbayumba, akimfokea kwa kuchelewa. Akambandika jina la Bibie.

Kazi yake aliifanyia jikoni. Aliyeyusha madini ya risasi kwenye sufuria kuukuu, akayamimina kwenye kalibu, akapata chubwi, vile vipande vidogo vizito ambavyo wavuvi hufunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Na jamani, mzee alikuwa na maringo na kazi yake! Chubwi yenye kasoro haiuzwi ng'o. Aliitia alama ya msalaba kwa kisu, isije ikachanganyika na nzima, kisha akaitupa ziwani. Alifanya hivyo miaka thelathini.

Juzi Bibie hakuja. Alimkuta kwenye matete, shingo imelegea, mabawa yakiburutika. Akamfunga kwenye shuka, akamkimbiza kwa daktari wa wanyama, roho juu. Alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri.

Daktari, binti ambaye mzee angeweza kumzaa, akatoka taratibu.

"Pole, baba. Hatukumuwahi." Akafungua kiganja. "Hiki kilikuwa kwenye firigisi. Bata humeza vijiwe vya kumsagia chakula, na hiki alidhani kijiwe. Kumbe ni risasi, sumu tupu. Wanaotupa vitu hivi ziwani sijui wana roho gani!"

Kwenye kile kipande palikuwa na msalaba. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angenyamaza, nani angejua?

"Ni mimi," akasema. "Naziyeyusha jikoni. Mbovu nazitupa. Palepale ninapomlishia."

Daktari hakumkaripia. Heri angemkaripia! Aliitazama tu mikono ya mzee inavyotetemeka.

"Jikoni, baba? Hata moshi wake ni sumu. Leo hii ukapimwe damu. Na unayeishi naye nyumbani, naye akapimwe."

Fundi akaangalia kule ndani alikolazwa Bibie.

"Nilikuwa na huyo tu," akasema.