Wawili kwenye Simu Moja

Kabla sijajilaumu, acha nijisifu kidogo, maana siku zile nilijisifu sana. Chuo chetu pale Kitengela kilikuwa kinafundisha kwa mtandao kama soko, kila mtu na kibanda chake. Idara moja ilitumia jukwaa hili, nyingine lile, na wahadhiri wengine walirekodi masomo kwa sauti wakayatuma kwenye kundi la simu, mwanafunzi akayasikiliza huku anakamua ng'ombe. Linki zilipotea. Watu waliingia darasa la Biashara wakitafuta Kiswahili na wakakaa humo hadi mwisho kwa sababu ya aibu ya kutoka. Uongozi ulipoamua chuo kizima kihamie jukwaa moja la mikutano, kazi hiyo niliachiwa mimi, fundi wa kompyuta kutoka Machakos ambaye hakuna aliyejua hata ofisi yake iko wapi.

Nililipenda jukwaa lile, na zaidi ya yote nilipenda lilivyoandika mahudhurio. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti yake, mashine inaandika jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mambo ya kuitikiwa jina na mwenzako yamekwisha. Katika mkutano wa wahadhiri nilisimama nikatangaza kwamba kuanzia muhula ule orodha ya mashine ndiyo orodha pekee, hakuna kuweka nyingine ya karatasi, na asiyefikisha theluthi mbili ya vipindi hatapata kadi ya mtihani. Nikaongeza kwamba mashine haikosei. Walinipigia makofi, na kichwa changu kikavimba.

Mtu mmoja hakupiga. Alikuwa mzee wa Historia, Mmaasai wa upande wa Isinya, aliyebakisha muda mfupi astaafu.

"Mimi huita majina na mdomo," alisema. "Watu wangu wengine wako wawili kwa simu moja. Hiyo mashine yako itawaona?"

"Mzee wangu, dunia imehama," nikamjibu. "Na wewe hama."

Ukumbi mzima ulicheka. Hata yeye alicheka kidogo, akakaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine kabisa.

Wiki ya kutoa kadi za mtihani, mwanamke mmoja aliingia ofisini kwangu asubuhi, shuka juu ya sweta, viatu vyeupe kwa vumbi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko mbele ya Kajiado, na digrii yake ilikuwa imebakisha somo moja tu, lile la mzee wa Historia.

"Madam, wamekataa kunipa kadi. Wanasema sijawahi kuingia darasa. Hata siku moja."

Nikafungua orodha. Kweli, mbele ya jina lake palikuwa na sifuri kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ulikuwa unaingia na akaunti ya nani?"

"Ya mwalimu mwenzangu. Tuko naye darasa moja. Yeye ako na simu kubwa, mimi niko na mulika mwizi tu, haishiki mtandao."

Akanieleza walivyokuwa wakifanya. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Waliweka benchi, wakaegemeza simu kwenye sufuria, wakakaa bega kwa bega. Mzee akiwaona tu huwaamkia "Takwenya!" nao wakaitika "Iko!" kwa pamoja, kisha akaita majina, kila mmoja kwa zamu yake. Kwake yeye mahudhurio yalikuwa yameisha hapo. Mwalimu ameniita, nimeitika, ameniona. Miaka yote aliyosimama mbele ya watoto, hivyo ndivyo alivyojaza rejista yake mwenyewe.

"Lakini tuliwatumia maagizo," nilisema kwa ile sauti yangu ya ofisini.

"Nilisoma. Ilisema kila mwanafunzi aingie kwa jukwaa jipya. Tukaingia."

Yeye akaendelea, bila kulia, kama anayesomea darasa ratiba. Mara ya kwanza aliacha chuo alipoolewa. Mara ya pili ilikuwa ukame, mume akaondoka na ng'ombe kufuata majani, boma lote likabaki mikononi mwake. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mume alikubali kwa shingo upande.

"Nikirudi bila hiyo kadi, hakuna mtu ataniruhusu ya nne. Hiyo najua."

Nikamwambia aandike barua ya kukata rufaa. Kamati ingeketi Alhamisi, na mtihani ulikuwa Jumatatu iliyofuata.

Alipotoka, nilifanya jambo ambalo hadi leo naona lilikuwa jema. Nilifungua rekodi za vipindi, ambazo ofisi yetu pekee ilikuwa na ruhusa ya kuzitazama. Katika dirisha lenye jina la mwenzake nikaona nyuso mbili, moja imekatwa sikio na ukingo wa kioo. Mzee aliuliza swali, na mkono wenye vumbi la chaki ukapanda. Ulikuwa mkono wake. Alijibu, mzee akamsifu kwa Kimaa, mbuzi akalia nyuma yao na darasa likacheka. Nikatazama kipindi cha pili, cha tatu, cha nne. Alikuwemo kila mara. Nilifurahi mpaka nikapiga meza, nikanakili vipindi hivyo kwenye flashi na kumpelekea bosi wangu.

Bosi hakuitazama. "Ukikubali huyu, kesho wako mia hapa kwa mlango, kila mtu alikuwa kwa simu ya mwenzake," alisema. "Na ni wewe ulisema mashine haikosei. Kamati itakuuliza kama mfumo ulikuwa na hitilafu. Jibu hiyo tu."

Siku ya Alhamisi nilimkuta yule mwanamke kwenye korido nje ya chumba cha kamati. Hakuwa peke yake, alikuja na yule mwalimu mwenzake, mwenye simu. Huyu alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Madam, mimi niko na vipindi vyote, hata kimoja sijakosa. Toa nusu umpe yeye."

"Haiwezekani, mwalimu. Hata kama ingewezekana, nusu haifiki theluthi mbili. Mtakosa kadi nyote wawili."

Alifikiri kidogo tu. "Basi gawanya. Tukose wote. Tulisoma pamoja."

Alisema hivyo kama mtu anayegawa ugali. Yule aliyenyimwa kadi alimsikia, akamjibu kwa Kimaa kwa ukali, maneno machache tu, na yule mwenye simu akageuka kutazama ukuta. Sikuhitaji mkalimani. Nilisimama kati yao, flashi ikiwa mkobani mwangu.

Ndani ya kamati mzee wa Historia alitangulia kusema. "Alikuwa darasani. Nilimwita, akaitika." Wakamwomba rejista. Akasema hana, kwa sababu aliambiwa asiwe nayo, na hakunitazama alipolisema hilo. Kisha wakanigeukia mimi.

"Je, mfumo ulikuwa na hitilafu yoyote?"

"Haukuwa na hitilafu," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mbaya kuliko huo. Hakuna aliyeuliza kuhusu rekodi, nami sikuzitaja. Ningependa kusema niliogopa kufutwa kazi, maana hilo watu hulielewa. Niliogopa kuchekwa. Niliwaza ule ukumbi ukimcheka mzee, nikauona ukinicheka mimi. Rufaa ikakataliwa kabla ya saa sita. Jumatatu mwenzake akafanya mtihani peke yake.

Mwaka uliofuata malalamiko yalizidi, na chuo kikalegeza kamba. Mhadhiri akaruhusiwa kuongeza kwa mkono jina la mtu anayetumia simu ya mwenzake. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mahali pamoja tu, na ni mimi niliyeitengeneza, kwa mchana mmoja. Wale waliokosa kadi wakaandikiwa barua warudi kurudia somo. Yule mwalimu aliyekataliwa rufaa hakujibu. Niliomba nimpelekee barua mwenyewe, bosi akashangaa, akaniruhusu.

Nilimkuta shuleni wakati wa mapumziko. Alinikaribisha katika ofisi ya walimu, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye thamosi, akaniuliza habari za Kitengela. Mwenzake, akasema, alikuwa amepata digrii na kuhamishiwa shule nyingine kule Isinya. Alilisema bila kinyongo, nami nikaona ni heri angekuwa nacho.

Akaisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka mezani upande wangu.

"Sitarudi, madam. Kurudia ni ya mtu hakuwa. Mimi nilikuwa."

"Ni somo moja tu, mwalimu. Na sasa utaandikwa, nimehakikisha."

"Na nyumbani nitasema nini? Waliambiwa nilikuwa nadanganya naenda darasa. Nikirudia, si ni kama nimekubali?"

Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja. Nilikuwa nimewaza mtihani, kadi na orodha, sikuwaza mtu anayerudi bomani na karatasi ya chuo inayosema hakuwahi kuhudhuria, mbele ya mume aliyemruhusu kwa shingo upande.

"Wewe unaamini nilikuwa?" akaniuliza.

"Najua ulikuwa."

"Ulijua lini?"

Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mapumziko. Ningeweza kumwambia nilijua baadaye, baada ya malalamiko, na angenishukuru na kuniongezea chai.

"Kabla ya kamati," nilisema. "Nilikuona kwenye rekodi. Nilikuona vipindi vinne."

Hakunitukana. Alinyoosha mkono akakichukua kikombe kutoka mikononi mwangu kabla sijamaliza chai, akaniambia kengele iko karibu kulia na watoto wanamngoja.