Kifaru changu hakina mzinga

Leo shemeji kanicheka mpaka kakohoa.

Yeye ni mwanajeshi, mume wa mdogo wangu. Kaja kututembelea hapa Kasulu, kakuta mezani kifaru changu cha plastiki.

Si kifaru hasa. Nilinunua modeli mbili za kuunganisha, kifaru na lori, nikazifanya gari moja. Chini minyororo ya kifaru, juu bodi la lori. Picha hiyo hapo, semeni wenyewe.

"Shemeji, mzinga uko wapi?"

Nimeukata! Umekuwa miti ya ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa. Nimeifunga juu kabisa.

"Hakuna jeshi duniani lenye gari hili. Ng'oa hiyo machela."

Jamani, akanyoosha mkono aing'oe yeye! Nikauzaba kofi.

Nikamwambia: miaka ya tisini, tukiishi kijijini upande wa Kibondo, mama alishikwa na uchungu, masika, tope limekwamisha kila gari. Wanaume wakambeba kwa ingobyi kwenda hospitali Kibondo. Hawakuwahi. Mtoto akazaliwa njiani, kwenye mvua.

"Mtoto huyo ndiye uliyemuoa, shemeji. Haya, niambie tena ning'oe nini."