Trekta Dogo na Magunia Mawili ya Mchanga

Ipo siku moja ambayo huijia akili yangu kila ninapomwona kijana amekalia trekta kwa maringo, kama nilivyokuona jana, mwanangu. Usinune. Maringo hayo niliyaanza mimi kabla yako, tena mimi nilikuwa na miwani ya jua.

Wakati huo nilikuwa nimeoa, ndoa ina miezi minne, na wanakikundi wenzangu wa mpunga walikuwa wamenikabidhi trekta letu dogo. Kule bondeni kwenye majaruba halikuwa na shida. Magurudumu ya nyuma tulikuwa tumeyafunga yakakaa ndani, karibu karibu, ili lipite kwenye vijia vyembamba. Nikalizoea, kichwa kikavimba. Basi baba akaniagiza nipande nalo upande wa Ngana, nikamlimie kipande chake cha mahindi kilichoko mteremkoni, juu kidogo ya migomba.

Bwana shamba wetu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku, alinionya kwa upole wa kwao. "Kaka, hilo limekaa jembamba, mlimani litakulalia. Piga jeki, fungua magurudumu ya nyuma, la kushoto lipeleke kulia na la kulia kushoto. Rimu zitageukia nje, litapanuka." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Lakini kazi hiyo inataka upige magoti kwenye matope na kushindana na nati zenye kutu, na shati nililovaa lilikuwa jipya.

Nikajitia ujuzi. Nikajaza magunia mawili mchanga wa mtoni, umelowa vizuri, nikayafunga kwa kamba juu ya madigadi ya kulia, bati linalofunika gurudumu, upande ambao ungeelekea mlimani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: trekta huangukia bondeni, basi uzito ukikaa upande wa mlimani litaangukaje? Na nakwambia kweli, kwa safari ya kwenda hesabu ile haikuwa na kosa. Nililima mstari mzima huku nikimpungia baba mkono. Yeye alikuwa amesimama juu ya shamba, ameegemea fimbo.

Mwisho wa shamba nikageuza ili nirudi. Hapo nikagundua jambo ambalo hata mbuzi angelijua: ukigeuza trekta, madigadi nayo yanageuka. Magunia yangu sasa yalikuwa upande wa bondeni.

Lilianza kuinama taratibu, kwa adabu, kama mtu anayemwamkia mkubwa. Nikazima injini, nikaruka, na nikarukia upande usiofaa. Trekta likaulalia mgomba, na mguu wangu ukabanwa katikati. Mgomba ni laini, ndiyo maana mfupa haukuvunjika. Lakini kwa kuwa ni laini, ulikuwa unapinda. Niliusikia ukialika ndani kwa ndani, na nilijua ukikatika, mguu huu sina tena. Niliogopa, mwanangu. Nilimwita baba kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu utotoni.

Baba akateremka mbio. Mke wangu Atupele, aliyekuwa akikata ndizi kule chini, naye akaja mbio na panga lake. Alipomwona baba tu, akajificha nyuma ya majani.

Ninyi wa siku hizi mnalichukulia jambo hili juu juu. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya wazee, mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia vichakani. Hamtazami, hasemi naye. Na Atupele alikuwa amelelewa vizuri mno. Kwa hiyo nilikuwa na watu wawili wa kuniokoa, na hawakuruhusiwa kuonana.

Baba alifunga kamba kwenye trekta upande wa juu, akaizungusha kwenye shina la mti na kuivuta akitazama mlimani, mgongo ametugeuzia sisi. Kamba ilizuia tu, haikuinua. Akasema huku akihema, "Mwambie mwenzako akate magunia, mchanga umwagike."

Atupele alikuwa hatua tatu kutoka pale, kajifunika kanga usoni mpaka kidevuni. Alisikia kila neno. Lakini hakuambiwa yeye.

"Atupele, kata magunia," nikasema.

"Muulize, lipi kwanza?"

"Tata," nikamwita baba, "anauliza lipi kwanza."

"Mwambie lolote, mgomba unakatika."

"Lolote, Atupele!"

"Mwambie nimesikia," akasema, akaanza kukata kwa kupapasa, maana kanga ilikuwa machoni. Panga la kwanza lilichana shati langu. La pili likapata gunia, na mchanga wote ukanimwagikia mdomoni, kwa hiyo ukalimani wangu ukaishia hapo. Gunia la pili lilipopasuka, trekta likawa jepesi, baba akavuta, likarudi kwenye magurudumu yake. Nikautoa mguu.

Baba hakugeuka mpaka aliposikia Atupele amerudi migombani. Ndipo akanitazama. "Uzito uliuweka pale ambapo mkono wako ulifika ukiwa umesimama," akasema. "Trekta lilitaka uiname." Kisha, kwa sauti ndogo: "Mwambie ndaga fijo." Nilikwenda kumwambia asante hiyo kubwa ya baba yangu, nikamkuta ameshaisikia, analia peke yake.

Mchana ule nilipiga magoti, mguu umevimba, nikafungua nati moja moja huku baba akihesabu.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla ya mteremko, tanua magurudumu. Ukiongeza uzito, uwe chini na uwe pande zote mbili; maji ndani ya matairi yanafaa kuliko busara zangu za mchanga. Geuzia pale palipo tambarare, na mteremko ukizidi, liache trekta ushike jembe la mkono. Na kila unapobuni njia ya kukwepa kuinama, jiulize kwanza: nikigeuka, hii itakuwa upande gani?

Jeki iko nyuma ya kiti, na nati zina kutu kama zamani. Kapige magoti. Mungu akubariki, aubariki mkono wa yeyote atakayekukimbilia ukiita, na akurudishe nyumbani kila jioni na miguu yako yote miwili.