Mkanda Asioutaka Kuuvua

Tulimwita Shangazi, wote, hata mimi niliyemzidi miaka sita. Alikuwa fundi wa majitaka katika idara ya maji ya mji, na mimi dereva wa lori lake. Miaka kumi na tisa alishuka kwenye chemba, na kila asubuhi alijipaka mafuta yenye harufu nzuri. "Uvundo ni wa kazi," alisema. "Mimi nina harufu yangu."

Usidhani idara yetu haikuwa na vifaa vya usalama. Mikanda ya kujifunga, kamba, vinyago, kipimo cha gesi, buti ambazo bado zina karatasi ndani. Vyote vilikaa stoo, kabatini, kufuli mbili. Vilitoka siku ya ukaguzi tu. Wakubwa wakija tunavaa, tunapigwa picha, tunavua kabla chai haijapoa. Mtunza stoo anavihesabu, anavipangusa kama vyombo vya bibi harusi, anafunga. Kesho yake tunashuka kama tulivyozaliwa, ukiacha suruali.

Tena hatukulazimishwa, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tulizoea. Aliyeulizia mkanda tulimwita mtoto wa mama, na mimi nilicheka kuwashinda wote.

Halafu mdogo wa kiume wa Shangazi, fundi kama yeye, akazidiwa na gesi ndani ya chemba ya sokoni. Tulimtoa kwa kamba ya kuanikia nguo, tuliyoazima kwa muuza mitumba. Alipona, kama huko ni kupona. Siku hizi anamuuliza dada yake jambo moja mara nne.

Ukaguzi uliofuata Shangazi alivaa, akapigwa picha, hakuvua.

"Shangazi, leta vitu, usinitie matatani," mtunza stoo alimwambia.

"Umenipa nivae. Nimevaa."

"Ni vya ukaguzi!"

"Basi nikague. Kila siku nikague mwanangu, sioni haya."

Akaenda navyo nyumbani: mkanda, kamba, kinyago na kipimo. Barua ikamfuata: arudishe mali ya idara kabla ya Jumatatu, la sivyo atasimamishwa kazi. Nyumbani kwake palikuwa na yule mdogo wake na mama yao mzee, wote wanakula kwa jasho lake. Nikamsihi, "Rudisha, yaishe."

"Yaishe kwa nani, dereva?"

Nikajifanya naangalia tairi.

Jumatatu bomba likaziba mbele ya ofisi zetu wenyewe. Maji machafu yaliingia mpaka chumba cha mkuu wa idara. Mkuu akatoka amekunja suruali, akamkuta Shangazi amesimama kando ya chemba na mkanda wake kiunoni.

"Kwanza vua hivyo," alisema, watu wote wanasikia. "Halafu shuka."

Shangazi alifunua chemba, akateremsha kipimo kwa uzi. Kikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea.

"Umesikia, mkuu? Sivui. Kama unaona ni salama, karibu, ngazi hiyo hapo."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nakukaribisha kwa heshima."

Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Mkuu akatazama shimo, akatazama viatu vyake, maji yalishafika kwenye kamba za viatu. Sauti ikamshuka.

"Haya, shuka nao."

"Bado. Nangoja hewa itoke, kipimo kinyamaze. Na kamba yangu haina mtu."

"Dereva si huyo?"

"Dereva ana mgongo. Shika wewe."

Nina mgongo kweli, lakini siku hiyo haukuwa unauma. Nikainama kidogo, nikajishika kiuno.

Nusu saa nzima mkuu alisimama na kamba mkononi, uvundo unatusalimia sote. Kipimo kiliponyamaza, Shangazi akavaa kinyago, akashuka. Mara sauti yake ikatoka chini, nzito kwa kinyago, "Legeza kidogo! Kidogo nimesema, unataka kuniangusha?"

"Samahani, samahani," mkuu akasema, akajizungushia kamba mkononi mara mbili.

Mafundi wengine wanne waliosimama nasi pale walitazamana. Wakaondoka pamoja hadi dirisha la stoo, na wa kwanza akagonga. "Mkanda," alisema. "Na usiandike tarehe ya kurudisha."