Jani la Kulia, Jani la Kushoto

Si maziwa ya Mama Tekla yaliyomtapisha Paskali. Ni mimi. Nimelikana jambo hili miaka arobaini, nikiwa na shahada mbili na makala kadhaa kuhusu ukweli, ambazo watu wema walizisifu.

Juzi, sokoni Katesh, harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ilinirudisha Bashay, nyuma ya zizi letu, kwenye ufalme wangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa malkia. Paskali, mtoto wa shangazi, wa miaka sita, alikuwa jeshi zima. Huko kwetu uliota mlandusi, mmea nilioutunga mwenyewe: jani la kulia huponya, la kushoto huua. Ufalme haukosi dawa, basi nikachagua kichaka cha korongoni, hapo hapo nyuma ya zizi, chenye utomvu mweupe, nikakitawaza.

"Joka limeniuma tena," alisema Paskali.

"Tafuna, askari. Hilo ni la kulia."

"Chungu, dada!"

"Dawa tamu umeiona wapi?"

Jioni alikuwa amelegea, midomo imevimba, anatapika. Mama akauliza amekula nini. Nikawahi kujibu: "Maziwa ya Mama Tekla."

Haukuwa uongo mtupu. Mchana jirani yetu huyo, mjane, alikuwa ametupatia maziwa mgando kama kawaida yake. Paskali nilimwapisha kwa heshima ya ufalme, na hajasema hadi leo. Baada ya siku mbili alipona. Mama Tekla hakupona: kijiji kizima kiliogopa maziwa yake. Kwetu, ukikataa maziwa ya mtu umemkataa mwenyewe. Kila Jumamosi alileta kibuyu chake kwenye jumuiya, sala za majirani, amekifukiza vizuri. Kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akidai ameshiba, kikarudi kwake kimejaa. Nilimtazama akikibeba. Kisha nikaenda kula ugali wangu.

Leo asubuhi nimempigia simu Mama Tekla.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe si yule malkia?"

"Malkia gani?" nikauliza.

"Nilikuwa korongoni nakata majani ya ndama," alisema. "Nilisikia yote, nikadhani mnacheza tu."

"Mbona hukuwaambia?"

"Mtoto wa miaka tisa! Wangekuita mchawi hadi leo."

Nikaanza kulia, kama vile ni mimi niliyeonewa. Akaningoja nimalize.

"Jumamosi hii jumuiya ni kwangu," akasema. "Njoo unywe mbele yao, halafu useme. Kibuyu nitakifukiza mwenyewe."