Mama Tone Anachagua Kambi

Kwenye karakana ya kushona mahema walimwita Mama Tone, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kukagua. Hema likishashonwa lilitundikwa kwenye fremu ya chuma uani, yeye akaingia ndani, akafunga zipu, akaketi kwenye kigoda, na wenzake wakalimwagia maji kwa mpira kutoka nje. Hapo hasemi na mtu. Anasubiri. Likidondoka tone moja tu, basi, anatoa chaki nyekundu mfukoni, anazungushia duara pale penye kosa, na hema linarudi kwa aliyelishona. Fundi alie, acheke, ajitie kuumwa kichwa, hilo halina mjadala. Walimchukia kidogo na kumheshimu sana.

Shida ni kwamba kazi hiyo aliibeba mpaka nyumbani. Jamani, watu huvua viatu mlangoni. Mama huyu angevua na yale macho, ndoa yake ingepata nafuu. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, anakutazama mabega kama yamelowa. Ukimwambia umeshiba, anauliza umeshibia kwa nani. Wanawe mapacha walipokuwa bado nyumbani, shaka zake ziligawanywa kwa watu watatu, kila mmoja akabeba fungu lake. Pacha wakakua, wakaenda kujitegemea, na mzigo wote ukamwangukia mume.

Mume huyo, Baba Pacha, alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabika. Tangu astaafu, kila Jumamosi alikuwa akiaga kwamba anakwenda gereji kumsaidia rafiki yake. Sawa, kazi ni kazi. Lakini alirudi na mikono misafi! Misafi mpaka chini ya kucha! Mtu ameshinda kwenye injini na grisi, halafu anakaa mezani na vidole kama vya karani? Mama Tone alivitazama, akampakulia chakula. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa na subira ya kuisubiri iishe.

Basi ikatokea karakana ikampa zawadi kwa utumishi wake: hema jipya la watu wawili, alilolipitisha mwenyewe. Na hapa ndipo penye kichekesho. Mahema yote yale yaliyopita mikononi mwake, hakuwahi kulala hata katika moja. Baba Pacha alipoliona limekaa kwenye kona ya sebule likiwa kwenye mfuko wake, alichangamka kuliko ilivyo kawaida yake.

"Twende mtoni," akasema. "Kule msituni kuna kambi kando ya maji. Tutembelee, tuchague moja."

"Zipo ngapi?"

"Tatu. Ila ya juu ina kelele za maporomoko, na ya kati ina mbu. Ya chini ndiyo kambi. Asubuhi jua halikupigi usoni."

Mama Tone aliacha kukunja nguo. Jua halimpigi nani usoni? Mtu ambaye Jumamosi zote yuko gereji kajuaje jua la asubuhi la kando ya mto? Hakuuliza. Akasema tu, "Haya, twende," kwa sauti tamu iliyomtia mumewe wasiwasi.

Siku hiyohiyo akampigia simu wifi yake, dada wa Baba Pacha, msusi mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Akamwalika kwenye matembezi. Kwa kweli alikuwa anajitafutia shahidi, ila hakumwambia. Alitaka siku ya siku ikifika, asiambiwe na ukoo wa mume kwamba amezua.

Wakaondoka asubuhi kwa pikapu ya kuazima, Baba Pacha kwenye usukani, wanawake wawili pembeni yake, hema na vyakula nyuma. Kambi ya juu walipofika ilikuwa na majani mazuri, na maporomoko yalinguruma kwelikweli. Wifi akafurahi, akapiga picha. Mama Tone hakutazama maporomoko. Alimtazama mumewe, akaona anauliza choo kiko wapi. Kambi ya kati hivyohivyo, akauliza maji ya kunywa yanachotwa wapi, huku anajipiga makofi shingoni kwa mbu. Hizi mbili alikuwa anazipita tu, akawaza Mama Tone. Haya, tuione hiyo ya tatu.

Kwenye ya tatu Baba Pacha hakupunguza mwendo kusoma kibao. Alikata kona, akaipitisha pikapu katikati ya miti miwili mikubwa, akarudi nyuma mpaka kwenye kivuli bila hata kugeuza shingo.

"Umeona?" Mama Tone akamnong'oneza wifi.

"Nimeona nini? Kaka yangu si dereva?"

Mara akaja mbwa, mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, anakimbia huku mkia unapiga huku na huku. Akawapita wanawake. Akaenda moja kwa moja kwa Baba Pacha, akajisugua kwenye magoti yake, na Baba Pacha, ambaye nyumbani hakutaka hata paka, akamkuna nyuma ya sikio. Kuna mambo mtu anaweza kuyakana, lakini mbwa hafundishwi kusema uongo.

Nyuma ya mbwa akaja mwangalizi wa kambi. Mwanamke kijana, buti za mpira miguuni, rungu la kugongea vigingi mkononi, na mwilini, loo! sweta la kijani. Mama Tone alilifuma sweta lile kwa vidole vyake. Mkono wa kushoto ulikuwa umezidi kidogo. Baba Pacha alisema amelisahau gereji.

"Shikamoo baba," mwangalizi akasema. "Leo umekuja na wageni?"

Akili ya Mama Tone ikatulia, kama inavyotulia kazini maji yanapoanza kumwagwa. Kwa hiyo ndiye huyu. Ndoa nzima, watoto wawili, na mwisho wake ni buti za mpira! Alihisi hasira, na chini ya hasira alihisi woga ambao hakuwa ameutarajia. Maana ushahidi aliutaka kwa hamu, na sasa ulipomjia hakujua atarudi na nani nyumbani. Baba Pacha naye alikuwa ameshika sikio la mbwa, hatazami mtu.

"Sweta zuri, mwanangu," Mama Tone akasema. "Umefuma mwenyewe?"

"Ningejulia wapi, mama? Baba huyu aliniazima, siku moja mvua ilininyeshea. Akaniambia nilitunze sana, kafuma mke wake."

"Mke wake ni mimi."

"Aa! Shikamoo mama!" Mwangalizi akabwaga rungu, akamshika mikono yote miwili. "Wewe ndiye unayekagua mahema! Tunakusikia kila siku!"

"Marahaba. Na huwa anakuja na nani?"

"Na nani tena? Peke yake."

"Anafanya nini?"

"Anakaa."

"Anakaa vipi?"

"Mama, anakaa tu. Anatazama maji. Wakati mwingine analala mchana. Hema lake lile pale."

Wifi akaangua kicheko. Mama Tone hakucheka. Mtu mzima na akili zake, asafiri mwendo wote ule kwenda kukaa? Kwani nyumbani hakuna viti? Akaelekea pale alipooneshwa, chini ya mti ulioinamia mto, palipokuwa na kihema kidogo kilichopauka. Baba Pacha akaita, "Mama Pacha, subiri." Hakusubiri. Akafungua zipu, akaingia kwa magoti.

Alitafuta kanga. Alitafuta kitana, hereni, nywele ndefu. Aliunusa mto wa kulalia, upande huu na upande ule, na ulinuka mumewe. Kulikuwa na mkeka, blanketi, na kikombe cha bati kilichowekwa peke yake upande mmoja. Akainua macho kutoka kwenye kikombe kwenda juu. Pale juu, kwenye mshono, palikuwa na duara la chaki nyekundu lililofifia. Duara lile alikuwa amelichora yeye.

"Nililipata langoni pa karakana yenu," Baba Pacha akasema. Alikuwa amechuchumaa mlangoni. "Katika yale uliyoyakataa, mafundi wasiyarudie, yakauzwa rahisi."

"Linavuja."

"Najua. Najua na linapovujia. Mvua ikija naweka kikombe."

"Sasa si ungeniambia nilizibe? Kazi ya dakika mbili!"

"Ungeliziba," akasema. "Halafu ungeuliza nililitoa wapi, na linakwenda wapi, na nitalala na nani. Mama Pacha, nyumbani nikikohoa unauliza nilikuwa wapi. Nikinyamaza unauliza nanyamazia nini. Nikicheka ndiyo balaa kabisa. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Hapa huwa napumzika."

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Ningekuwa naye, si ungemjua siku ya kwanza?"

Hilo alijua ni kweli, na likamuuma kuliko uongo wote aliokuwa ameuwazia. Mwanamke angemweza. Angemfuata, angemtukana, angemshtakia kwa wifi na kwa ukoo mzima. Sasa mume kakimbilia kwenye utulivu tu, utamkamata nani? Utamgombeza nani, mto? Alikaa ndani ya hema lile lililopauka, akakiokota kile kikombe cha bati.

"Basi kwa nini umetuleta leo?"

"Nimechoka kukudanganya. Na niliona hilo hema lako, nikadhani..." Hakumaliza.

"Na mimi? Unataka niwe hapa?"

Baba Pacha aliangalia maji. "Sijui," akasema.

Maisha yake yote Mama Tone aliuliza maswali ili amnase mtu. Swali hili lilikuwa la kwanza aliloliuliza kwa sababu alitaka jibu, na jibu lenyewe ndilo hilo. Alitamani angemdanganya. Neno moja tu la kumbembeleza, hata la uongo, angelipokea kwa mikono miwili.

Alipotoka, wifi alikuwa amekwisha shusha kapu la chakula na mkeka. "Vipi, jamani? Tunakaa au tunaondoka? Mimi njaa inaniuma."

Wote wawili wakamgeukia Mama Tone. Ndiye aliyekuja kuchagua. Akisema twende, watarudi, na hatalala usiku hata mmoja mahali ambapo mumewe alikuwa na raha. Na Jumamosi ijayo mumewe atakuja tena peke yake, safari hii bila hata kuaga kwa kisingizio. Akisema tukae, atakaa mahali ambapo hajui kama anatakiwa. Hakuna chaguo lililokuwa zuri.

"Tunakaa," akasema.

Akachukua hema lake jipya, akalitia begani, akaenda nalo mbali. Akapita ule mti, akapita kichaka, akafika karibu na pale mto unapopinda, mahali penye nyasi laini na kivuli. Kutoka hapo angekiona kihema cha mumewe, lakini asingesikia mtu akikohoa. Aliona hiyo ndiyo haki. Akaanza kulikunjua, machozi yanamlengalenga, anajifanya ni jasho.

Baba Pacha akamfuata, akasimama, mikono nyuma.

"Hapo kuna siafu," akasema.

Wapi? Wangapi? Wametokea upande gani? Umewaona lini? Maswali yalimjaa mdomoni. Shingo yenyewe ilitaka kuinama itazame nyasi. Akakaza meno.

"Niweke wapi basi?"

"Pale."

Alionesha kipande cha ardhi tambarare, pembeni mwa kihema chake, karibu kiasi kwamba kamba za mahema mawili zingepishana. Mama Tone akakusanya hema lake, akalibeba, akarudi nalo bila kutazama chini. Alichokipitia moyoni kwa kutotazama anakijua mwenyewe.

Wakalisimamisha pamoja. Yeye alishika nguzo, mume akagonga vigingi kwa rungu la mwangalizi. Hawakusemeshana zaidi ya "vuta" na "legeza." Walipofikia upande wa mwisho, Mama Tone akanyoosha mgongo, macho yakaenda kule mto unapopinda.

Wifi alikuwa ametandika mkeka kule. Palepale hasa, kwenye zile nyasi laini. Amevua viatu, amelala chali, miguu mitupu inachezacheza kwenye majani, mbwa amejinyoosha ubavuni mwake. Hajikuni. Mbwa naye hajikuni.

"Jamani!" wifi akapaza sauti. "Huku ni raha tupu! Hata mdudu mmoja hakuna!"

Rungu likanyamaza. Baba Pacha alikuwa amepiga goti, ameinamisha kichwa juu ya kigingi ambacho kilikuwa kimeshazama chote ardhini. Masikio yake yalikuwa yanangoja.

Mama Tone alimtazama. Akamtazama wifi, akayatazama yale majani kwa kituo, na alikuwa na hakika, asilimia mia, kwamba mume wake amemdanganya.

"Vuta kamba hii," akamwambia. "Imelegea."